Mabeseni Mawili ya Matope

Mama mfuaji wa mtaani kwetu hajawahi kukanyaga uwanja wa mbio za pikipiki za matopeni, lakini ukitaka kujua nani kashinda, muulize yeye. Anaikwangua fulana ya mwendeshaji kwa ukucha wa dole gumba, anainusa, kisha anatoa hukumu. Anayeongoza, anasema, huchafuka mgongo tu, kwa tairi lake mwenyewe. Wanaomfuata hurushiwa matope kifuani. Kwa hiyo ana mabeseni mawili: la bluu la mabingwa, ambalo maji yake hubaki na heshima zake, na jekundu la vijana chipukizi, ambalo maji yake unaweza kukandikia nyumba. Jumatatu iliyopita bingwa wa miaka tisa mfululizo alileta fulana yake mwenyewe, ameikunja ndogo kama barua ya kujiuzulu. Mama akaikunjua. Kifua chote matope. Akakohoa.

"Mwanangu, hii uliivaa nyuma mbele."

Bingwa akaitazama weee. "Kweli, mama. Nilikuwa na haraka."

Wakaagana vizuri, wakacheka hata. Alipotoka getini, mama akaitumbukiza kwenye beseni jekundu, taratibu, maji yasisikike. Lile la bluu lilikuwa na fulana ya kijana wa miaka kumi na saba tangu asubuhi.