Mwiko wa Mama Drocella

Kule Kirolirwe, kwenye vilima vya Masisi, Mama Drocella alijulikana kwa mambo mawili: fromage, yaani jibini, aliyotengeneza na mume wake kwa maziwa ya ng'ombe wao kumi na mmoja, na mafundisho ya ndoa aliyoyatoa parokiani kila Alhamisi. Wachumba walimwogopa kidogo. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minne, na sauti yake ilifika ng'ambo ya kilima.

Mume wake, Mbonigaba, alikuwa mrefu mpaka kila mlango aliingia ameinama. Mpole, msema kidogo, na mawazo yake mengi yalikuwa kwenye fromage.

Binti yao wa mwisho, Umuhoza, alipoolewa Goma, nyumba ikabaki na watu wawili. Siku moja Drocella alikuwa anasonga ugali, Mbonigaba akaja nyuma yake kuonja maharage kwa kidole. Drocella akampiga na mwiko matakoni, kidogo tu, kama mtu anayefukuza kuku. Mbonigaba akashtuka. Halafu akabaki pale pale, kidole bado mdomoni.

"Rudilia," akasema.

"Nini?"

"Rudilia. Lakini polepole."

Drocella alidhani anamchezea. Akamtazama usoni, akamwona ana haya kama kijana aliyekuja kuposa. Akaepua chungu, wakakaa. Mbonigaba akaeleza kwamba hata yeye hajui kwa nini, lakini ule mwiko umemfurahisha.

Hapo Drocella akamkumbuka dada yake mkubwa. Yeye aliolewa kijiji cha Burungu, na mume alikuwa akimpiga kwa fimbo ya ng'ombe.

"Mie kunipiga, hata kwa muchezo, hapana," akasema. "Na fimbo ya ng'ombe isiingie mu hii nyumba."

"Sikuomba nikupige. Naomba weye unipige."

"Basi utakuwa unaniomba kila mara, na kila mara nitakuambia kama nataka ao sitaki. Na tutafute neno ya kusimamisha. Ukisema 'acha' na uko unacheka, sitajua."

Mbonigaba akafikiri. "Fromage," akasema.

Drocella hakuwa mtu wa kufanya kazi ovyo. Kila kifaa alikijaribu kwanza kwenye paja lake mwenyewe. Mwiko mkubwa wa karamu ulikuwa mzito, akaukataa. Ufagio wa majani uliacha mbegu kwenye shuka. Burosi ya kusugulia nguo ilifaa upande wa mbao. Kandambili ya mpira ilikuwa na makelele mengi na maumivu haba, akaisifu. Siku Mbonigaba alipopendekeza ubao wa kugeuzia fromage, alimkatalia kabisa: "Hiyo inagusa chakula ya watu!" Mwishowe akanunua mwiko mdogo mwepesi kwenye soko la Kitchanga, akaufunga uzi mwekundu usije ukaingia kwenye ugali, akauficha katikati ya mablanketi.

Walicheza Jumapili mchana, mvua ikinyesha, kwa sababu mvua ikipiga mabati hakuna jirani anayesikia kitu. Na mvua haikosi Masisi.

Jumapili moja ya mwezi wa nne, mvua ikakatika ghafla. Wao hawakutambua.

Jirani yao, Mama Godelieve, alitoka nje kuondoa mabeseni yaliyojaa maji. Akasikia pa! pa! pa! Akasikia kilio chembamba, cha kike. Halafu: "Fromage! Fromage!"

"Yesu! Anamupiga sababu ya fromage!" Godelieve akasema. Akachukua mpini wa jembe, akakimbia kumwita Papa Théophile, chef, yaani mkuu, wa nyumba kumi, ambaye alikuja na buti moja mguuni na nyingine mkononi.

Wakapiga mlango. Drocella akafungua, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, mwiko mkononi. Godelieve akamkumbatia, akaanza kumkagua mikono na shingo.

"Amekuumiza wapi, dada?"

"Nani?"

"Papa Mbonigaba! Nimesikia unalia!"

Kutoka chumbani ikasikika sauti nyembamba: "Ni nani?" Ilikuwa ile ile ya kilio. Godelieve akashusha mpini.

Théophile akautazama mwiko. "Mama Drocella," akasema kwa uzito wa kazi yake, "ni weye unapiga mwanaume?"

Mbonigaba akatoka amejifunga blanketi, akainama mlangoni. "Papa Théophile, musimusumbue Drocella. Ni mie niko naomba."

"Unaomba nini?"

"Anipige."

"Umemukosea nini?"

"Hakuna."

"Sasa anakupigia nini?"

Mbonigaba akatafuta neno kwenye sakafu, kwenye mabati, akalikosa. "Tunapenda," akasema.

"Na ile fromage?" Godelieve akauliza.

"Ni ile neno ya kunisimamisha," Drocella akasema. "Alisema, na pale pale niliacha. Ya pili ilikuwa ya kusisitiza. Mguu wake ulifanya krampe, ulikakamaa."

Théophile alijizuia kwa heshima, kisha akashindwa. Alicheka mpaka akakaa juu ya bidoni ya maziwa. Mbonigaba naye akacheka, blanketi ikataka kuanguka, akaacha kucheka.

Godelieve hakucheka. Alisimama akitazama mpini wake, machozi ya aibu machoni. "Mie na udaku yangu," akasema. "Sitapiga tena mulango ya muntu."

Drocella akamshika mkono. "Mama Godelieve, sikiliza. Dada yangu alilia miaka saba kule Burungu. Majirani walisikia. Hakuna hata mumoja alikuja na mupini. Weye umekuja. Ukisikia tena, hapa ao pengine, kuja. Ukikosea, tutacheka."

Akamkatia nusu ya fromage.

Théophile aliapa kunyamaza. Alimwambia mke wake tu, Laetitia, na kufikia Jumatano hata wachungaji wa ng'ombe walikuwa wanajua. Alhamisi, Drocella aliingia darasani mbele ya wachumba kumi na wawili. Kijana mmoja, Rukundo, akanyoosha mkono.

"Mama, mambo ya mwiko iko kweli?"

"Kweli. Na kila mara ananiomba, na ninamujibu. Weye, Rukundo, umeshamuuliza muchumba wako kitu gani?"

Mchumba wake, Nicole, akamgeukia kungoja jibu. Somo la siku hiyo lilikuwa refu kuliko yote ya mwaka, na Rukundo alitoka akijifuta jasho.

Mwezi uliofuata Mbonigaba alinunua mbao na mabapa ya triplex, akaweka nyumba nzima plafond, dari inayozuia baridi na sauti. Waliouliza aliwaambia ni kwa sababu ya baridi. Kirolirwe kweli kuna baridi. Kabla ya Noeli nyumba nyingine tatu ziliwekwa plafond, ya kwanza ikiwa ya Théophile, na hakuna aliyemuuliza yeyote sababu.