Miguu ya Ngamia

Habari ya kifo cha Ngamia ilifika ikiwa na sura ya hesabu. Saa kumi na moja jioni, kama kila siku ya msimu wa wageni, redio ya mawasiliano iliyokaa juu ya kabati la vyombo katika nyumba ya wageni ilikoroma, na sauti ya kiongozi wa msafara ikasoma taarifa ya kambi ya mlimani: wageni tisa, mizigo kumi na miwili, wapagazi kumi na mmoja.

Dada yake Ngamia, mpishi wa nyumba ile, alikuwa anakata vitunguu vya mboga ya jioni. Kisu kikasimama. Jana asubuhi aliwaona wakiondoka, akawahesabu mmoja mmoja walipopita mlangoni pake. Walikuwa kumi na wawili.

"Rudia wapagazi," akasema binamu yao, mtu wa redio, kalamu mkononi.

"Kumi na mmoja."

"Mkuu, huku kwangu wameondoka kumi na wawili."

Zikasikika karatasi zikipekuliwa. Kisha: "Andika kumi na mmoja, ndugu yangu. Fulana namba saba ametutoka leo mchana. Mwambie dada yake, lakini mwambie taratibu."

"Yuko hapa mkuu. Anakusikia."

Hivyo ndivyo ilivyofika. Hapakuwa na mtu wa kumshika bega wala wa kumwambia akae kwanza.

Marehemu alikuwa na miaka thelathini na sita, kumi na saba kati ya hiyo akiwa amebeba mizigo. Jina la Ngamia alipewa na wenzake kwa sababu hakunywa maji mpaka mzigo ushuke. "Ukinywa njiani, mzigo unakucheka," alikuwa akisema. Alikuwa mfupi, mpana wa mgongo, na miguu yake ilikuwa bapa kama chapa ya pasi. Hakuna kiatu cha dukani kilichoikubali. Viatu alivyopewa na kampuni alivitundika shingoni, akavivaa pale tu wageni walipotaka kupiga picha. Kidole gumba cha kushoto hakikuwa na ukucha tangu mtungi wa gesi ulipokiangukia. Wakimwuliza habari za kuoa, alijibu, "Mke wa nini? Nikifika nyumbani nataka kutua mzigo, sitaki kuongezewa mwingine." Watu walicheka, mama yake akamrushia kandambili.

Lakini mama huyohuyo, kila mwanawe aliporudi safari, alimkalisha kwenye kizingiti, akaipakata ile miguu miwili mapajani, akakwangua magaga kwa wembe na kuisugua mafuta. "Miguu hii niliizaa mimi," alikuwa akisema, "ila imelelewa na njia."

Njia yenyewe wenyeji waliiita njia ya vita. Zamani, majeshi mawili kutoka mbali yalikutana kule mlimani yakauana kwa ugomvi ambao wenye mlima hawakuujua. Babu zao walibeba risasi za watu kupanda na majeruhi wa watu kushuka. Sasa wajukuu wa wale askari huja na kofia na fimbo kutembea walikopita babu zao. Wakifika kileleni hulia mbele ya bamba la shaba lenye majina arobaini na moja. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, bamba linamalizia: na wapagazi wao.

Ni uchungu kusema, lakini usiposemwa utakuwa uongo: njia hiyo ndiyo iliyokilisha kijiji. Dispensari ilijengwa na njia. Mabati ya shule ni ya njia. Bomba la maji lililowapumzisha kina mama kushuka korongoni, ni njia hiyohiyo. Na ili pasiwe na wivu, kamati iliweka zamu: kila nyumba hutoa mpagazi mmoja zamu inapoifikia. Nyumba ikikosa zamu, nyumba jirani inaichukua. Ikikosa mara mbili, inafutwa daftarini. Nyumba ya Ngamia ilikuwa imekosa mara moja, mwaka uliopita, alipougua homa ya mapafu.

Kwa hiyo asubuhi ile ya kuondoka, mizani ilipotundikwa kwenye boriti nyuma ya jiko na kila mzigo ukapimwa, kilo kumi na nane bila kuzidi, kiongozi wa msafara alimsimamisha. Kiongozi huyu walimwita Ramani, maana hakupotea hata kwenye ukungu.

"Ngamia, hicho kifua vipi? Nakusikia tangu kule."

Kabla Ngamia hajafungua kinywa, dada yake alijibu toka mlangoni, sufuria mkononi. "Kifua kipi? Huyo mzima kama jiwe la kusagia! Ni moshi wa jikoni kwangu umempalia."

Watu wakacheka. Pembeni, jirani wa nyumba namba nane alikuwa amesimama na mkanda wa mzigo begani, amejiandaa kama fisi aliyesikia mbuzi akilia. Dada alimwona, na ndiyo maana alipaza sauti. Ngamia alimtazama dada yake kwa muda mfupi tu. Kisha akacheka naye, akakohoa kwenye kiwiko. "Mmemsikia daktari wangu," akasema, akainama kuvaa mzigo.

Dada alikuwa amemsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta usiku tatu mfululizo.

Ilivyotokea kule juu ilijulikana baadaye. Siku ya pili, saa tano, Ngamia alipanda ngazi za mawe mpaka kwenye bamba, akakaa mzigo ukiwa bado mgongoni, akaomba maji. Wenzake walijua pale alipoomba maji. Hawakusubiri alale asiamke ndipo wajue.

Mchana huohuo mgeni mmoja, mwanamke mnene mwenye huruma nyingi, alikuwa ametegua kifundo cha mguu. Helikopta iliitwa kwa ajili yake, ikaja. Wapagazi wakamwomba rubani awachukulie na mwenzao, ni mtu mmoja tu, tena hatapiga kelele. Rubani akasema bima haina kipengele cha maiti. Mgeni alilia sana. Alitaka kushuka ampishe, wakamkataza. Begi lake kubwa jekundu likapakiwa. Lilikuwa ndilo lile Ngamia alilolibeba siku mbili pamoja na mchele wa kambi. Begi likapanda, aliyelibeba akabaki.

Pale kwenye redio, mara tu aliposikia habari, dada alimnyang'anya binamu yake kipaza sauti. "Ramani, mshusheni ndugu yangu."

"Dada, pole sana. Tutamshusha tukirudi. Siku sita."

"Siku sita! Kwani huyo ni samaki ng'onda wa kukaushwa?"

"Nikitoa wanne wambebe, mizigo ya wageni ataibeba nani? Wakikatisha safari, mwakani kampuni inahamia bonde la pili. Unajua hilo, wewe unawapikia." Redio ikakwaruza. "Yeye ameshakufa, dada. Walio hai bado wanatembea."

Jioni ile mzee wa kanisa alikuja kuwafariji. Mzee huyo ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya njia, kwa hiyo alikuja na kofia mbili ingawa kichwa ni kimoja. Alisali, akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa, wanangu."

"Ya Mungu haina," dada akasema. "Hii ni ya kampuni."

"Usikufuru, binti. Na neno jingine." Alishusha sauti. "Baada ya siku nne kundi jipya linalala hapo nyumba ya wageni. Kilio ni haki yenu, sikatai. Ila mkilia, mlilie ndani, mlango mkiwa mmeufunga."

Mama yao alikuwa ameketi kitandani, chupa ya mafuta ya miguu pembeni yake kama ilivyokaa siku zote. Alikuwa hajalia bado. "Mzee," akasema, "mimi sikuombi uninyamazie wala unihubirie. Nataka kumwona mwanangu kabla udongo haujamwona. Basi."

Wanaume wenye nguvu wote walikuwa safarini au wakingoja zamu, na anayengoja zamu hagusi maiti ya mlimani akachoka bure. Waliokwenda ni wanawake sita, wapishi na wafua shuka wa nyumba ya wageni, dada akiwa mbele. Binamu alifuatana nao, filimbi shingoni, maana kanuni ya njia inakataza kundi kutembea bila filimbi. Waliondoka alfajiri na kupanda kwa siku moja na nusu, na dada alisali njia nzima. Kila alipofika kwenye "utusamehe makosa yetu," ulimi wake ulisema "unisamehe," akaanza upya.

Walimkuta stoo ya kambi ya mlimani, kati ya magunia ya mchele na makatoni ya nyama ya kopo, amefungwa kwa turubai la hema la rangi ya machungwa. Fulana yake ya kampuni, namba saba, haikuwepo. Mtunza kambi alieleza kwa aibu kwamba zipo kumi na mbili tu, na wageni hawaruhusiwi kuona mpagazi asiye na fulana, hivyo waliivua na kumvalisha kibarua waliyemwokota pale kambini. Fulana ilikuwa imeendelea na safari. Dada alifunua turubai upande wa kichwa mara moja, akalirudisha, akalikaza kamba kwa mikono yake mwenyewe. Wenzake hawakumwuliza.

Wakamfunga kwenye machela ya miti miwili, na kushuka kulichukua siku mbili. Juu kulikuwa na baridi iliyowasaidia, lakini kila waliposhuka joto lilipanda, na wabebaji wakaanza kupokezana mara kwa mara bila kusemezana sababu.

Kabla ya kambi ya chini kuna kona. Kila mpagazi akifika pale hupuliza filimbi mara tatu, ili kina mama wa kambi wabandike maji na kujipanga. Binamu alikuwa amepita kona ile miaka tisa akiwa mpagazi, kabla ya kupewa redio. Mkono ulipanda wenyewe, akapuliza.

Walipotokea upande wa pili, kambi nzima ilikuwa imejipanga: wanawake mistari miwili, mashada ya maua mikononi, na wimbo wa kukaribisha wageni umekolea, na makofi yake, na ile sehemu ya kuinama. Karibuni mliotoka mbali, pumzikeni mmefika. Wa mbele waliona, sauti zikawakatikia. Wa nyuma hawakuona, wakaimba ubeti mwingine mzima, tena kwa furaha zaidi. Bibi mmoja, ambaye mikono yake ilishazoea, alimvisha dada shada shingoni kabla hajaelewa alichobeba. Alipoelewa alitaka kulivua.

"Liache, bibi," dada akamwambia. "Ni mara yake ya kwanza kuimbiwa. Miaka yote mlikuwa mnamwonyesha jiko liliko."

Binamu alivua filimbi, akaitupa korongoni, akakaa chini akalia kama mtoto. Wakamngoja amalize, maana miti ilihitaji watu.

Nyumbani walifika siku ya tano ya msiba, jua likiwa kali. Seremala alikuwa ameshachonga jeneza kwa kukisia. Wakamwingiza pamoja na turubai, na mzee wa kanisa, leso puani, akaamuru misumari ipigwe.

"Na mimi?" mama akauliza.

"Mama yangu, hafunuliwi. Usiuondoe uso uliokuwa nao moyoni. Nakusihi."

Mama akamtazama binti yake. "Wewe ulimwona?"

"Nilimwona, mama."

"Nimwone?"

Dada alitamani kusema ndiyo, akashindwa. Akatikisa kichwa.

Mama akainuka na chupa yake ya mafuta. "Basi nipeni miguu."

Seremala alimwangalia mzee wa kanisa, halafu akaacha kumwangalia. Akang'oa misumari minne upande wa chini, akatoa ubao, akapasua turubai kwa kisu. Miguu ikatokea, bapa, imevimba, rangi imegeuka, na kile kidole gumba kisicho na ukucha. Watu waliokuwa karibu walirudi nyuma kwa harufu. Mama alisogea. Alikaa chini mavumbini, akaishika mmoja baada ya mwingine, akamimina mafuta kiganjani, akaanza kusugua kisigino kama siku zote.

"Alikuja kuniambia kifua kinambana," akasema bila kuinua macho. "Nikamwambia, mwambie dada yako akukatalie zamu, wewe huwezi kukataa kitu. Alikwambia?"

"Hakuniambia." Dada alipiga magoti pembeni yake. "Lakini nilimsikia, mama. Usiku tatu nilimsikia. Na Ramani alipouliza, mimi ndiye niliyejibu."

Mama akamimina mafuta mengine kiganjani. Aliendelea kusugua mpaka akamaliza mguu wa kulia. Kisha akampa binti yake chupa ya mafuta, akasogea kidogo kumpisha, na dada akapaka mguu wa kushoto.

Walimzika kesho yake, saa nne asubuhi, upande wa nyuma wa kanisa. Wanawake walewale sita walilibeba jeneza, kwa kuwa msafara ulikuwa haujarudi. Sala ilikuwa fupi, maana kundi jipya lilipangiwa kuondoka saa tano. Wageni wawili walisimama nje ya uzio, wakavua kofia. Jirani wa nyumba namba nane alitupa udongo wake akiwa na mkanda wa mzigo begani, akasema pole, akaenda kwenye mizani. Mama alitupa mara moja, dada mara tatu. Wakaimba wimbo mmoja, kwa sauti ya kawaida. Kaburi lilipojaa, dada alilisawazisha kwa mgongo wa koleo, akasimika msalaba, akamshika mama yake mkono, wakarudi nyumbani.