Wasifu wa Bibi Niliouchoma Moto

Jamani, mimi ndiye mkosaji. Msinitafutie sababu, sina. Naandika haya nimesimama, kukaa kumenishinda.

Hapa Korogwe najulikana kwa kalamu. Mgeni rasmi akija, risala naandika mimi. Mtu akifariki, wasifu wa marehemu unaletwa kwangu niunyooshe kabla haujasomwa msibani. Marehemu wote kwangu ni wachapakazi, wacheshi, wapenda watu. Hata yule mlevi wa mtaani kwetu nilimwandika hivyo hivyo, na watu wakalia!

Mwaka huu akafariki mama mkwe wangu, kule Makuyuni. Binti yangu ana miaka minane, na amelelewa na bibi yake huyo, wakilala kitanda kimoja. Siku moja kabla ya maziko mtoto akakaa juu ya gunia la mahindi, akaandika wasifu wake mwenyewe. Kurasa mbili za daftari, kwa penseli! Baba yake akakubali ausome mbele ya watu.

Nikauchukua nisome. Weee!

"Bibi yangu alikuwa anavuta ugoro halafu anasingizia mafua. Kila asubuhi alikuwa anagombana na jogoo, anamwambia hata wewe unanidharau. Akimwota babu anaamka anacheka, hataki kuniambia. Sasa kitanda chetu kimekuwa kikubwa."

Aibu ikanishika. Mawifi zangu watasema nini? Mwandishi mzima, mtoto wake anasimama mbele ya mchungaji anataja ugoro!

"Wasifu hauandikwi hivi," nikamwambia.

"Kwani nimedanganya, mama?"

"Hujadanganya. Lakini sivyo."

"Sasa bibi ataandikwaje?"

Hasira zikanipanda. Tulikuwa jikoni, kina mama wanapika wali wa msiba. Nikamnyang'anya zile karatasi, nikazisokomeza motoni chini ya sufuria. Mbele ya macho yake! Halafu nikaandika wa kwangu, dakika kumi tu: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto sita.

Kesho yake mwanangu akasimama karibu na jeneza na karatasi yangu. Akasoma kidogo, akafika kwenye "marehemu alikuwa mcheshi na mpenda watu wote." Akamgeukia shangazi yake, wifi yangu mkubwa, akamwambia, "Shangazi, huyu siyo bibi." Akamkabidhi karatasi, akaenda kukaa. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Tulipotoka makaburini, huyo huyo wifi, ambaye nilikuwa namwogopa kuliko wote, akanifuata.

"Wifi, nimesikia mtoto aliandika ya kwake. Eti mpaka ugoro wa mama kauweka?" Anacheka huku machozi yanamtiririka. "Hebu nipe nikae nayo."

"Nimeichoma, wifi."

Alivyonitazama! Akaenda kusaidia kuosha vyombo. Mpaka leo nikimpigia simu ananijibu salamu tu, basi.

Nimehangaika kuyaandika upya yale maneno. Hayo machache niliyowapa hapo juu ndiyo yote ninayokumbuka, kati ya kurasa mbili nzima! Nikamwomba mtoto anirudie, akasema amesahau. Muongo! Hajasahau, namjua mwanangu. Hataki tu kunipa tena.

Jana mwalimu wao kawapa kazi waandike kuhusu mtu wanayempenda. Mwanangu akaniletea daftari na penseli, kaichonga vizuri.

"Mama, niandikie."

"Andika mwenyewe mwanangu, vyovyote unavyotaka."

"Aa, andika wewe. Mimi nitakosea."

Hakununa wala hakulia. Kaniwekea mezani, akaenda kucheza.

Wazazi wenzangu, na nyie hasa mnaojiona mnajua kuandika, nawaomba kwa Mungu! Mtoto akishika penseli, ondokeni hapo. Kachoteni maji, kafagieni uwanja, fanyeni lolote, mikono yenu ikae mbali na karatasi yake. Akiwatia aibu, oneni aibu. Itapita.

Mimi tangu kumekucha nazunguka meza hii. Nimeshika kalamu, nimeiweka, nimeishika tena, na nimeishia kuwaandikia nyie. Daftari lake bado halina hata neno moja. Naye huyo mlangoni, keshavaa sare, ananiuliza kama nimemaliza.