Picha Mbili Katika Jicho la Boazi

Asubuhi, malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yakiwa yamejaza barabara, Boazi Siame amekaa kwenye kibanda chake cha kutengeneza kamera, Tunduma, na kamera ya mteja jichoni. Anazungusha lenzi taratibu, akitazama nguzo ya umeme ng'ambo.

Kamera hizi za zamani humwonyesha mpigapicha kitu kimoja mara mbili dirishani. Ukizungusha lenzi, picha hizo husogeleana. Zikikutana, ndipo unabofya.

"Leo hazikutani," anasema fundi huyo mwenye miaka 61.

Dawa yake anaijua: kufungua na kusafisha kioo kidogo cha ndani. Lakini utando wa kioo hicho ni mwembamba, ukipanguswa vibaya umetoka, na kipuri hakipatikani Tunduma wala Mbeya.

Kamera ni ya Gwantwa, mjane kutoka Ileje, aliyeketi kwenye benchi. Marehemu mumewe alipiga picha misibani. Aliinunua ikiwa ya rangi ya fedha, inameta, wafiwa wakanung'unika kwamba haji mtu makaburini na kitu kinachong'aa kama anakwenda harusini. Akamletea Boazi aipake nyeusi. Sasa rangi imelika, shaba inachungulia.

"Usiipake tena, baba," anasisitiza Gwantwa. "Hapo ndipo alipokuwa anashika."

Boazi anachukua bisibisi, anairudisha. Mimi niliyeketi kando namuuliza kama anaogopa kuiharibu kamera. Anampa mama kamera ajaribu, na kumwelekeza azungushe lenzi akitazama nguzo.

"Nguzo naiona moja," anasema Gwantwa. "Mbona hii ni nzima?"

Uso wa fundi unabadilika. Hata mimi natamani mama awe amekosea. Boazi anaipokea, anaiweka kwenye jicho la kushoto, ambalo kazini huwa amelifumba. Nguzo moja. Anairudisha kulia: mbili, tena zina ukungu.

"Kumbe ni mimi," anasema kwa sauti ndogo. "Bila jicho hili mimi si fundi."

"Mganga hajigangi, baba," Gwantwa anamtania, ila hacheki. "Nenda hospitali."

Boazi anasema ataenda Jumatatu. Anapanga, akipona, aendelee kutengeneza kamera mpaka mikono ikatae. Kisha anasugua meza isiyo na vumbi.

"Nitakwenda na mke wangu, Ferista," anasema. "Peke yangu nitaishia stendi na kurudi."