Kitambaa Chekundu Kwenye Mtambo wa Hamisi

Chekeni tu, maana aibu hii hata mke wangu haniachi niisahau. Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, pale kwenye ghala la korosho la ushirika, Kivinje, na tulikuwa na mtambo wa kupandia juu: mlingoti wa chuma wenye kizimba cha mtu mmoja, ukipiga pampu humo ndani kinapanda, ukifungua koki kinashuka. Fundi wake alikuwa Hamisi. Mimi nilikuwa mtu wa mizani tu (magunia na vumbi), na kila jioni Zuhura, mke wangu, ananiambia, "Mwone mwenzio Hamisi, anajua kazi!" Jamani, roho iliniuma.

Na yule bwana alikuwa na mbwembwe. Kila asubuhi kabla hajapanda atapapasa mipira ya mafuta, atatikisa miguu ya mtambo, ataupandisha mtupu na kuushusha, sisi tumesimama tunamngoja. Mie nikaona anajishaua tu.

Basi siku ya kuja mgeni kutoka mkoani, Hamisi kaenda kuazima spana, watu wanajaa uwanjani, na mapambo ya mlangoni bado hayajafungwa. Nikausogelea mtambo. Kwenye koki pamefungwa kitambaa chekundu, nikakijua pale pale: kipande cha kanga ya Zuhura, ile yenye mchoro wa korosho! Sasa kitambaa chekundu pale maana yake mtambo mbovu, usiguse (nililijua hilo vizuri), lakini macho yangu yaliona kanga tu. Nikakichomoa, nikakitia mfukoni, nikaingia kizimbani, nikapiga pampu kwa hasira mpaka usawa wa bati, nikafunga mapambo, akinamama wakapiga vigelegele, Zuhura akiwemo, nami nikashika koki nishuke. Koki haikugeuka.

Mgeni akafika, hotuba ikaanza, nami niko juu ya kichwa chake. Hamisi akarudi na spana, akatazama juu.

"Ndugu yangu, hukuona kitambaa?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikakitoa, nikakipunga mbele ya umati mzima: "Nimekiona! Kanga ya mke wangu umeipata wapi?"

Mgeni naye akakatiza hotuba, akatazama juu. Zuhura akatoka kundini, kajifunga kibwebwe.

"Wewe baba Mwajuma! Lile furushi la matambara ya kufutia mafuta, nililokupa Jumatatu ulete kazini, nani alilibeba?"

Nililibeba mimi.

Hamisi alinishusha kwa ile spana, akilegeza nati ya mpira wa mafuta pale chini, kidogo kidogo, watu wote wakinitazama. Zuhura hakunisemesha siku nne, nikala ugali mkavu, nikaomba radhi mpaka sauti ikakauka. Siku ya tano akakishona kile kitambaa kwenye shati langu la kazi, kifuani, akasema nikikibandua nihame. Wallahi, tangu hapo sishiki mtambo wa mtu wala simuulizi mke wangu swali kabla sijajiuliza mwenyewe. Lakini Hamisi hakuniacha: kila asubuhi akimaliza kuukagua mtambo wake ananigeukia, anakigusa kile kitambaa kifuani, anawaambia wenzetu, "Huyu bado mbovu." Nami naitikia, maana kweli.