Sufuria Lisilopakwa Jivu

Asikudanganye mtu kwamba masizi ya zamani hutoka kwa sabuni. Sabuni huondoa yale ya juu, ya jana na juzi. Yale ya chini, yaliyoungua pamoja na samli mwaka hadi mwaka mpaka yakawa magumu kama lami, yana dawa yake: uyaloweke kwenye maji ya jivu mpaka asubuhi, kisha uyakwangue kwa gamba la chaza, kisha kumbi la nazi na mchanga, na mkono usiokuwa na pupa. Mkono wangu ulikuwa na pupa. Ndiyo maana mpaka leo ukucha wa kidole changu cha shahada unaota upande.

Nilivunja ungo skuli zimefungwa, na zilipofunguliwa sikurudi. Hakuna aliyenigombeza wala kunifungia kwa ufunguo. Mlango wetu ulikuwa wazi mchana kutwa, watu wakiingia na kutoka, ila kwangu mimi haukuwa mlango tena. Miaka ile ya hamsini ndivyo mambo yalivyokuwa kwa wasichana wengi wa Mji Mkongwe: ukishakuwa mwari unatawa ndani, unangoja kuolewa. Lakini si wote. Lilikuwapo gari la wanafunzi wa kike, madirisha yake yametiwa mapazia, na baba akiridhia, mtoto wake alikwenda na kurudi bila ya kuonekana na mtu. Wenzangu kadhaa walipanda gari lile. Nami nililitaka kuliko kitu chochote duniani.

Baba yangu hakuwa mtu wa kuzungumza na watoto wa kike. Mchana alikuwa bandarini kazini, jioni barazani na wenzake, na mambo yangu yote alimwachia mama yake. Mama yangu mzazi alikwisha achwa zamani, ameolewa Pemba. Kwa hiyo ndani ya nyumba tulikuwa mimi na bibi, na bibi ndiye niliyemwendea kumwuliza kama nitarudi skuli. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Unayaona yale masufuria chini ya ngazi?" akasema. "Maulidi hayako mbali. Yatakatishe yote, mke mwenzangu, kisha ndo tuzungumze hiyo habari ya skuli."

Mke mwenzangu ndivyo alivyoniita tangu nilipokuwa natambaa, kwa utani, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu zao. Siku ile utani wenyewe ulinikera. Lakini ahadi niliishika kwa mikono miwili.

Masufuria yale yalikuwa ya marehemu babu, aliyependa kusomesha maulidi nyumbani na kulisha mtaa mzima. Ya shaba yalikuwa rahisi. Jirani yetu alikuwa na mbirimbi uani kwake, akatuletea bakuli zima la mabirimbi, yale matunda makali kama ndimu. Ukiyaponda ukasugulia, shaba inageuka nyekundu mbele ya macho yako. Nikaanza na hayo, kama mtoto anayeanza na nyama akauacha wali. Nilipoyamaliza nikabaki na mengine, meusi nje na ndani, na kubwa kuliko yote lilikuwa la pilau. Hilo ningeweza kukaa ndani yake nikajifunika.

Mchanga aliniletea jirani yuleyule, umejaa kwenye pakacha, kutoka pwani nilikokuwa nikicheza mwaka mmoja tu nyuma. Ulikuwa bado unanukia mwani. Niliuonea wivu, mchanga! Asubuhi ile ile ulikuwa pwani.

Nilikuwa nikifanya kazi uani, kuta za mawe pande zote, na juu kipande cha mbingu kisichozidi jamvi. Kila asubuhi nilisikia honi ya gari la skuli kutoka upande wa Darajani, likiwaita wasichana watoke vichochoroni. Nikiisikia, nilisugua kwa nguvu zaidi. Wakati mwingine nililia, na machozi na maji ya jivu ni kitu kibaya sana machoni, sikushauri.

Kazi haikwisha. Nikilisafisha sufuria dogo, bibi analichukua kupikia mchuzi, na adhuhuri linarudi kwangu jeusi. Nikimaliza la wali, linarudi jeusi. Nikilishika lile la pilau nikatoa kipande cha ukoko cha ukubwa wa kiganja, nageuka nyuma nakuta mengine matatu yananingoja.

"Sufuria ni la kupikia, si la kutazama," bibi alinijibu nilipolalamika.

Maulidi yakapita. Watu wakala, wakashiba, wakaomba dua, na sufuria la pilau likarudi na masizi mapya juu ya yale ya babu. Nikamwuliza bibi, je, sasa tuzungumze? Akasema, "Yote yametakata?" Hayakutakata. Alijua, nami nilijua, na honi ikaendelea kulia asubuhi.

Sasa hapa inafaa nieleze jambo moja. Anayepikia kuni kwa kawaida hulipaka sufuria kabla ya kuliinjika motoni. Unachota jivu, unalitia maji mpaka liwe kama uji, unapaka kitako na ubavu wote wa nje. Masizi yanaganda kwenye jivu, chuma hakiguswi. Ukishapakua, unamwagia maji, unafuta, basi. Bibi ndiye aliyenifunza hivyo nilipokuwa bado sijui hata kusuka nywele zangu, na aliwahi kumgombeza mgeni, mtu mzima na heshima zake, kwa kuliinjika sufuria lisilopakwa.

Asubuhi moja, la pilau na ya zamani yote nimeshayamaliza, yamebaki haya ya kila siku tu, niliinama kupuliza moto. Moshi ulipopisha nikakiona kitako cha sufuria juu ya mafiga, kinang'aa kama nilivyokiacha jana, na ndimi za moto zinakilamba. Hakikuwa na hata alama ya jivu. Na jivu lilikuwa palepale, tele, kando ya mguu wa bibi.

"Bibi, umesahau kupaka jivu."

Akakoroga mchuzi. "Sikusahau."

"Tokea lini hupaki?"

"Tokea ulipoanza kuosha."

Sikuelewa. Nilisimama na kumbi mkononi kama mjinga. Akaweka upawa chini, akajifuta mikono kwa kanga yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mchele akanitazama.

"Baba'ko keshasema hapana, mwanangu. Siku ile ile uloniuliza nlimwendea. Nkamwomba, nkamwomba tena, hakutaka. Akanambia nikwambie. Nkashindwa. Nkaona bora uwe na cha kungojea."

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kuliko nilivyomchukia baba, kwa sababu baba alininyima skuli mara moja, na yeye alinipa kila asubuhi akaja akaiunguza mchana. Sasa umri wangu umeshaupita wake wa siku ile, na nimewahi kuwa na neno ambalo sikuweza kumwambia mtoto. Kwa hiyo namwelewa. Kumsamehe kulichukua muda mrefu zaidi.

Kesho yake niliamka kabla yake. Nilikoroga jivu, nikalipaka sufuria kitako na ubavu, nikaliweka juu ya mafiga. Bibi alipokuja aliliona, akakaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Honi ikalia upande wa Darajani. Hakuna kati yetu aliyeinua kichwa.

Tulipopakua nililimwagia maji, nikafuta kwa mkono. Masizi yakashuka yote, na sufuria likabaki jeupe kama lilivyonunuliwa. Nikamaliza na lile la wali vilevile. Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa na mimi nimeshamaliza.

Nikakaa uani, mikono imekauka. Nikaziangalia kuta. Kivuli kilikuwa bado hakijafika katikati ya ua, na alasiri ilikuwa mbali, na baada ya alasiri kuna magharibi, na kesho tena. Nikainuka, nikamwendea bibi, nikamwomba anitafutie kitu kingine cha kuosha.