Ufa Uliofunguka Kila Jumapili

Nyumba ikipasuka mtaa wa Musonoi hakuna anayeshangaa. Mgodi uko palepale, baruti inapigwa, sahani zinatikisika kabatini, na mtu anakuta mstari mpya ukutani.

Lakini ufa wa sebuleni kwa Tata Mukalay ulikuwa na tabia yake. Ulifunguka Jumapili tu, siku ambayo mgodi wote umelala.

Na mjinga aliyekuwa akiufunga ni mimi.

Naitwa Mechack, fundi wa kuta na dari hapa Kolwezi. Nipe ufa wowote. Nautanua kwa patasi, nalowesha, naweka wavu, napiga simenti na mchanga laini, mpaka ukipitisha kiganja husikii kitu. Sijisifu.

Basi, najisifu kidogo.

Tata Mukalay ni mstaafu aliyefiwa na mke, kiongozi wa kwaya, mtu wa shati lililopigwa pasi hata akienda kununua chumvi. Anaishi na binti yake, Jessica.

Kazi ya kwanza ilikwenda vizuri. Saa ya kula ikafika, na mama mdogo wangu, Domitille, akashuka kwenye taxi-moto na sufuria zake kwenye kitambaa. Yeye ndiye aliyenilea. Hakubali nile kwa wateja, eti wanatia chumvi ovyo. Popote nilipo na kazi, bukari yake, yaani ugali, inanifuata.

Huku kwetu huwezi kula peke yako mwenye nyumba anakutazama. Nikamkaribisha mzee. Akanawa mikono, akaketi, tukakata bukari pamoja.

"Mama, hii samaki umeipika na nini?" mzee akauliza.

"Na moto, tata," mama mdogo akajibu, bila hata kugeuka.

Mzee alicheka mpaka akapaliwa.

Jumapili iliyofuata simu ikalia. Ufa umerudi.

Nikaona haya. Nikarudi na vyombo vyangu. Tata Mukalay akanisimamisha mbele ya ukuta, uso wa msiba kabisa.

"Mechack, mutoto yangu, ukifunga hii fissure ibakie imefungwa, utaniomba kitu yoyote. Mi sitakatala."

"Kitu yoyote, tata?"

"Yoyote!"

Nikamtupia Jessica jicho. Alikuwa anafuta meza. Akauma mdomo, akainama, mabega yakamtikisika.

Nikasema moyoni, Mechack, hapa umepata mke.

Kuanzia siku hiyo sikufanya kazi, nilifanya sanaa. Na kila nikiwa juu ya ngazi, Jessica alipita, akanitazama, akatabasamu. Mtu mzima mwenye akili zake angefikiri nini?

Lakini kila Jumapili, ufa uleule. Nikianza tena kazi, mama mdogo naye anakuja na sufuria. Ufa usipofungika, nitamwombaje mzee binti yake?

Mtaani wakaanza kunicheka. Badibanga, fundi mwenzangu, akanipigia kelele mbele za watu.

"Mechack! Siku ya Dimanche simenti yako inaendaka ku misa?"

Niliumia. Jina la fundi likiharibika Musonoi, hata banda la kuku hupewi.

Nikaamua kuweka témoin. Ni kiraka kidogo cha plasta unachobandika juu ya ufa, ndiye shahidi wetu. Ukuta ukisogea, shahidi anapasuka kwa mstari mwembamba. Asipopasuka, ukuta umetulia.

Jumapili ilipopita nikaenda kumwona shahidi wangu. Hakuwa amepasuka. Alikuwa amekwanguliwa! Alama za kisu zilionekana wazi.

Kumbe ni mkono wa mtu.

Nikapiga hesabu. Ndani ya nyumba wako wawili. Mzee ndiye anayenisihi nifunge, kwa hiyo si yeye. Basi ni Jessica. Anafungua ufa ili nirudi!

Jamani, binti wa watu ananipenda mpaka anabomoa nyumba ya babake. Nilitembea siku nzima kifua mbele.

Nikataka kumfuma, nimwambie, "Jessica, acha ukuta, mi niko hapa."

Jumapili, baada ya misa, nikamwambia mzee nataka kukagua mbao za dari. Nikapanda kupitia kifuniko cha dari ya korido. Mzee alipotoka kuwasindikiza wanakwaya waliokuja kumsalimu, nikavuta kangazi kangu juu, nikafunga. Aliporudi akaita jina langu, nikanyamaza. Akadhani nimeenda zangu.

Palikuwa na tundu la taa ya zamani. Nikalaza jicho hapo, sebule yote naiona. Maneno yangu ya mapenzi yako tayari.

Akaingia Tata Mukalay.

Shati jeupe la kwaya. Mkononi, kisu cha mkate. Akachungulia dirishani, kisha akaanza kukwangua ukuta wangu, huku akiimba wimbo wa misa kwa sauti ya chini.

Macho yalinitoka. Jessica naye akaja na ufagio.

"Papa, usipanue sana, Mechack atajua."

"Fagia tu. Unazani kesho mama Domitille ataleta samaki ama kuku?"

"Papa, si umuambie tu mama wa batu? Utabomoa nyumba yote!"

"Naona haya, mwana."

Nilisogea nisikie vizuri, nikakanyaga pasipo na mbao. Dari ikasema krraa. Mguu wangu mzima ukaning'inia sebuleni, kiatu kikaangukia mezani.

Wote wawili wakainua macho.

"Papa," Jessica akasema, "sasa fissure iko na kule juu."

Mzee alisahau hata kuficha kisu. "Mechack, uko muzima?"

"Niko muzima, tata! Juu ya nini unanifanyia vile?"

Akatazama chini.

"Ukimaliza kazi, nani ataleta bukari? Tangu mama ya Jessica afe, mi nakulaka nimesimama mu kuisini, pembeni ya jiko. Na mama yako mudogo, nakula nimekaa."

Hasira yangu ikaisha yote. Nikashuka, nikamfuata Jessica nje.

"Na wewe? Kunichekea kila siku?"

"Yaya Mechack, ulizani nakusekaka juu ya nini? Unapima ukuta, unalaumu mine, na mwenye kukwangua anakula na weye sahani moja!"

Yaya. Yaani kaka. Alikuwa amekwisha kunipanga kwenye ukoo.

Nikaenda kumweleza mama mdogo. Ndani yangu bado kulikuwa na kitu kigumu. Mzee aliniahidi kitu chochote, na mama mdogo akiolewa pale, Jessica ni dada yangu mpaka kufa.

"Ule muzee amebomoa nyumba yake juu ya samaki yangu?" akauliza.

"Njo vile, mama."

Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, akajifuta machozi kwa kitenge. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo tangu baba mdogo afariki. Niliumia na nikafurahi, vyote kwa pamoja.

Nikarudi Musonoi, nikaufunga ufa, nikasimama mbele ya mzee.

"Tata, ulisema nikuombe kitu yoyote. Umuoe mama mudogo mbele ya batu. Na ile kisu, unipatie."

Akanipa kisu kwa mikono miwili.

Walioana, na ufa haujafunguka tena. Dari nimeitengeneza bure, na kila nikipita pale Jessica anapiga kelele, "Yaya, kuya ukule!" Naenda, nakula nimekaa.

Kwa hiyo, fundi mwenzangu, binti akikuchekea ukiwa juu ya ngazi, shuka kwanza umuulize anacheka nini.